Sahani ya Sita

Zamani Samhain, usiku wa kuwakaribisha wafu, ilikuja yenyewe, kama baridi inavyokuja. Ng'ombe walishushwa kutoka malisho ya juu, viazi vya mwisho vikaingizwa ndani, na jioni moja mama wa nyumba akatandika meza na kuacha mlango bila komeo ili wafu wake waingie wapate chakula cha mwaka. Hakuna aliyetangaziwa na hakuna aliyealikwa. Siku hizi pale kijijini Cluain Arda, Samhain ina kamati. Kamati ina mwenyekiti, mwenyekiti ana ratiba, na wafu wa watu wamepangiwa saa ya kufika na saa ya kuondoka.

Mwenyekiti alikuwa Colman Tarpey, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwema aliyehamia kijijini miaka minane iliyopita na kujua mila za wenyeji kuliko wenyeji. Kiangazi alikuja kwa Attracta Beirne na biskuti za kopo. Kwa kuwa jikoni kwake ndiko kulikobaki moto wa chini na meza ndefu ya kale, akamwomba awapokee wageni ishirini na tano jioni ya Samhain, waone meza ya wafu inavyotandikwa. Attracta alikuwa na miaka sabini na nne. Mumewe Malachy alikuwa kazikwa mwezi Machi, nyumba imekuwa kimya mpaka alikuwa akiongea na redio. Akakubali. Wakati ule hakuwa na habari kwamba mwanawe atapiga simu.

Simu ya kwanza ilikuja wiki tatu kabla. Miaka ishirini na miwili hakusikia sauti ya Ultan, halafu mchana mmoja wa mvua akaisikia, nzito, yenye lafudhi ya Australia juu yake, ikisema, "Mama, nimesikia mzee amefariki." Ya pili ilikuja asubuhi ya Samhain yenyewe.

"Nimeshuka Dublin. Basi litanifikisha saa mbili usiku."

"Uje salama, mwanangu. Nakupikia viazi vya kuponda na kabichi, vile vyako."

Nyuma ya sauti yake wasafiri walikuwa wanaburuta masanduku.

"Mama. Ile sahani. Mlishaitoa?"

"Aa, ile? Ilitoka siku nyingi. Tangu baba yako aanze kuugua."

"Kweli?"

"Mimi nikudanganye wewe?"

"Sawa," Ultan akasema, na mama yake akaisikia pumzi aliyoitoa. "Kama ingekuwa bado ipo, nisingeweza kuingia humo. Nakwambia ukweli. Ningegeuza."

Attracta alirudisha simu mahali pake, akafungua kabati. Sahani ilikuwepo, nyeupe yenye ukingo wa bluu, juu kabisa ya nyingine, maana mwaka jana tu ilikuwa mezani na aliyeipakua alikuwa yeye.

Katika nyumba ya Beirne meza ya Samhain ina pande mbili. Upande wa dirisha wanakaa walio hai. Upande wa moto zinawekwa sahani za wafu, na mkubwa wa nyumba anasimama anawaita mmoja mmoja kwa jina kamili, "Karibu nyumbani," anasema kila mara, na kuanzia hapo chakula kile hakiguswi na aliye hai mpaka kuche. Jina likiitwa upande wa moto, basi, mtu huyo ni marehemu. Hakuna cheti cha daktari kinachozidi hapo.

Sasa, miaka ishirini na mitatu nyuma, Malachy Beirne alitoka mnadani na ng'ombe kauza na pombe kanywa, na mwanawe wa miaka ishirini kaketi pembeni yake garini. Penye kona ya kanisa akamgonga Packie Noone, tarishi mzee, pamoja na baiskeli yake. Packie hakuiona jioni. Malachy alitaka Ultan aseme ndiye aliyekuwa anaendesha, kwa kuwa yeye hakunywa, ni kijana, hana doa, watamsamehe. Ultan alikataa. Alisimama mbele ya hakimu akasema kilichotokea, na baba yake akala miezi kumi na minne.

Alitoka jela mwezi Septemba. Samhain ilipofika akatandika mwenyewe. Ultan alikuwa amekaa upande wa dirisha, uma mkononi, Malachy alipoweka sahani ya ukingo wa bluu upande wa moto, akamtazama kijana machoni, akasema, "Ultan Beirne. Karibu nyumbani." Kisha akamwambia mkewe apakue.

Attracta alipakua. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Hakuambiwa mara mbili. Alichukua mwiko, mkono wake huu huu, akamwekea mwanawe chakula cha maiti huku mwanawe anamwangalia. Kesho yake kitanda cha Ultan kilikuwa kitupu. Na mwaka uliofuata akapakua, na uliofuata, mpaka ikawa kawaida. Ukimuuliza angesema alimwogopa mume. Uongo. Malachy hakuwahi kumwinulia mkono. Aliogopa kelele ndani ya nyumba, basi, kelele tu, na kwa ajili ya hizo akamtoa mwana kafara.

Leo lakini mkubwa wa nyumba ni nani? Ni yeye. Akapiga moyo konde. Akatandika tano upande wa moto: ya Bartley baba mkwe, ya Honor mama mkwe, ya Thady ami yake Malachy, ya Eithne, binti yake aliyeishi siku tisa, na ya Malachy, mpya. Ile ya bluu akaipeleka upande wa dirisha, akaiwekea uma na glasi, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi. Alikuwa anaimba chini chini. Alikuwa na furaha, niseme tu, furaha ya kitoto, na hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Saa tisa akaingia wifi yake Concepta, dada wa marehemu, kuja kumenya viazi. Concepta hajawahi kubisha hodi katika nyumba aliyozaliwa. Alivua koti, akatazama meza, akahesabu kwa kidevu.

"Wifi, mbona ziko tano?"

"Zinatosha."

"Sijauliza kama zinatosha. Nimeuliza mbona ziko tano."

"Ultan anakuja leo."

Concepta akaweka kisu chini taratibu. "Anakuja wapi?"

"Hapa kwao."

"Kwao! Alipomtia baba yake ndani alikumbuka kuwa ni kwao?"

"Alisema kweli, Concepta."

"Ehe! Leo ndiyo umejua ilikuwa kweli?" Wifi akacheka cheko la puani. "Nani alipiga magoti hapo hapo uliposimama, akamshika kijana miguu? 'Mwanangu, sema ulikuwa wewe, mwokoe baba yako.' Mimi? Nilikuwa nimekaa kiti hiki hiki, mama, nina masikio. Kaka yangu hajamaliza mwaka kaburini, unakunja mikono ya nguo unavunja neno lake. Haya, vunja. Ila usije kunifanya mimi ndiye mchawi wa hadithi."

Lile la magoti Attracta alikuwa amelizika mbali sana, na Concepta amelifukua kwa pumzi moja kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Concepta akainuka, akachukua sahani ya bluu upande wa dirisha, akairudisha upande wa moto, ya sita, baada ya kaka yake. Akakaa kuendelea na viazi.

"Uitoe tena," akasema, "kisha umweleze mwalimu wako kwa nini iliwekwa. Nataka nisikie utakavyoanza."

Mwalimu mwenyewe alifika saa kumi na moja, giza linaingia, amevaa joho la sufu lenye pini kubwa kifuani. Attracta alimpenda Colman, lakini ukimtazama na joho lile ulitamani kumkopesha suruali. Akakagua moto, akakagua mkate wa zabibu wenye pete ya bahati ndani, akafika mezani na kuweka mkono kifuani.

"Sita," akasema. "Bi Attracta, sijui nikushukuru vipi. Hasa hii ya kijana. Malachy aliniambia habari yake pale baa, jioni moja tu, halafu hakuirudia. Kufia Australia, mwili usirudi… Nimeandika kidogo kwenye kijitabu cha wageni. Natumaini sikukosea."

"Colman," Attracta akasema.

"Ndiyo, bibi?"

Concepta aliacha kumenya. Maganda yalikuwa yananing'inia kwenye kisu. Maji ya sufuria yalikuwa yanachemka, na Attracta alijua neno analotakiwa kulisema, maneno mawili tu, Ultan hajafa, hata mtoto angeyasema. Lakini nyuma ya hayo mawili kulikuwa na mengine. Mbona basi mmemwekea sahani? Ni nani aliyempakulia? Na wewe mama mtu, miaka yote hii, ulikuwa wapi?

"Najua," Colman akasema kwa upole, akamshika bega. "Inauma. Usiseme kitu."

Naye hakusema kitu.

Akaanza kupiga hesabu za mwoga. Wageni wanaingia saa kumi na mbili, wanatoka saa moja. Ultan anafika saa mbili. Kati ya hapo kuna saa nzima. Ikae tu kwa muda huo mfupi, wakishatoka ataiosha, ataifuta, ataiweka dirishani, na mwanawe atakuta kila kitu kama alivyoambiwa. Na jina hataliita. Sahani ni kitu, inaweza kukaa popote, lakini jina hataliita. Juu ya hilo alikula yamini kimoyomoyo, akajisikia nafuu, akaongeza siagi kwenye viazi.

Wageni wakaja kutoka mlimani walikowasha moto mkubwa wa kamati. Walinuka moshi. Wengine walikuwa wamejichora nyuso ziwe mafuvu, wengine wameshika maboga ya kununuliwa yaliyotobolewa macho, na mwanamke mmoja wa Kijerumani alikuwa amebeba mtoto aliyelala. Walikuwa watu wa adabu. Walijipanga ukutani, wachache wakaketi kwenye mabenchi, wengine wakabaki mlangoni na nje ya mlango, ambao ulikuwa wazi kama ilivyo desturi. Colman akawaeleza juu ya kiangazi kinachokufa na baridi inayozaliwa, na jinsi usiku huu ukuta baina ya walio hai na wafu unavyokuwa mwembamba. Alieleza vizuri. Akawaambia pia kwamba chakula cha upande wa moto hakiguswi na yeyote, ni mwiko, na wote wakakitazama kwa heshima.

"Sasa mkubwa wa nyumba atawaita."

Attracta akasimama. Alikuwa ameshika sufuria na mwiko, maana katika nyumba ile kuita na kupakua huenda pamoja.

"Bartley Beirne. Karibu nyumbani." Akapakua. "Honor Beirne. Karibu nyumbani. Thady Beirne. Karibu nyumbani." Jina la Eithne alilitoa kwa kunong'ona, na mwanamke wa Kijerumani akamvuta mwanawe karibu zaidi. "Malachy Beirne," akasema, na hapo akasita, kwa sababu hakujua anahisi nini. "Karibu nyumbani."

Akafika ya sita. Akasimama.

Ungedhani ni jambo dogo, kufunga mdomo. Lakini watu ishirini na tano walikuwa wanangoja. Simu zilikuwa zimeinuliwa. Concepta alikuwa amekaa upande wa dirisha amekunja mikono, anamtazama bila hata kupepesa. Mzee mmoja wa Kimarekani alimnong'oneza mkewe kwamba huyu ndiye yule kijana aliyeandikwa kitabuni, na mke akatoa kitambaa. Huruma ilijaa jikoni mle, yote inamwelekea yeye, huruma ya bure ya watu wasiomjua, na Attracta aliyekaa miezi minane bila kushikwa mkono na mtu alihisi joto lake. Colman aliona anakwama. Akainama, akamsaidia, kama anavyowasaidia watoto darasani waliosahau shairi.

"Ultan," akanong'ona.

"Ultan Beirne," mdomo wa Attracta ukasema. Miaka ishirini na miwili ya kulisikia likiitwa ndiyo iliyosema. "Karibu nyumbani."

Akapakua.

"Asante," mtu akajibu kutoka mlangoni.

Wageni wakageuka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mvi masikioni, koti la mvua, funguo za gari la kukodi bado mkononi. Hakungoja basi. Saa ya ukutani ilisema saa moja kasoro dakika kumi. Attracta hakuhitaji kuambiwa ni nani, maana sura ilikuwa ya Malachy tupu, Malachy kama angekuwa mtu mpole. Hakujua amesimama pale kwa muda gani. Kama ni tangu Bartley au tangu Eithne, hakujua, na mpaka leo hajui.

Ultan alipita katikati ya watu. Wakampisha. Alizunguka meza kwenda upande wa moto, akavuta kiti cha sita, akakaa. Akachukua uma.

"Samahani, bwana, hicho hakigus…" Colman alianza, kisha akaona nyuso za wageni, midomo wazi, simu zote zimegeukia huko, akanyamaza. Pengine alidhani kamati ndogo ya maigizo imefanya jambo bila kumshirikisha.

Ultan akala. Hakula kwa hasira wala kwa kujionyesha. Alikula kama mtu aliyesafiri siku mbili, tonge baada ya tonge, macho yake kwa mama yake. Attracta alitaka kumwambia aache. Alitaka kuipiga ile sahani chini. Lakini sufuria ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ulikuwa unanipakulia hivi hivi," Ultan akauliza, "kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na siagi?"

"Na siagi," akasema mama yake. "Naiweka katikati, unavyopenda."

Ultan akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu ikatoka sawa. Alikwangua sahani mpaka ukingo wa bluu ukabaki mtupu. Kisha akalaza uma juu yake na kusimama, akajifuta mdomo kwa kiganja kama alivyokuwa akikatazwa utotoni.

"Simu ya asubuhi ingetosha kuniambia bado ipo," akasema. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo Attracta analolisikia mpaka leo akizima redio. "Ningekwambia itoe, nakuja. Ningekungoja barabarani, mama, mpaka uitoe. Sikuwa na haraka."

"Ultan, wageni walikuwa wanatoka sasa hivi, nilikuwa nataka…"

"Najua. Daima kulikuwa na watu." Akamwinamia Concepta kwa adabu, "Shangazi," akatoka kwa mlango ule ule wa wafu. Gari likawaka nje.

Yule mzee wa Kimarekani akaanza kupiga makofi, na wa pili akafuata, na makofi yakalipuka jikoni kote. Walipiga makofi na machozi yanawatoka, rangi za mafuvu zinawachuruzika mashavuni. Mwanamke wa Kijerumani alisema hajawahi kuona kitu kama kile. Mtu alimuuliza Colman huigizwa hivyo kila mwaka au ni cha mwaka huu tu, na Colman, uso mwekundu, akamtazama Attracta asaidiwe.

Attracta aliachia sufuria. Ilianguka, viazi vikatapakaa kwenye mawe, naye akavikanyaga kwenda mlangoni, akisukuma watu kwa viwiko, akiita jina, safari hii bila 'Karibu nyumbani'. Taa nyekundu za gari zilikuwa zinakata kona ya kanisa. Akawageukia wageni, mikono juu, sauti imempasuka.

"Ni mwanangu!" akapiga kelele. "Yu hai! Hajafa, jamani, hajawahi kufa, ni mimi, ni mimi niliyemweka pale! Mkimbilieni! Yu hai!"

Nao wakapiga makofi tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na wale waliokuwa wamekaa wakasimama.